Aliyenipita Katikati

Inspekta Josiah Hembrow aliisoma karatasi ile mara ya nne, safari hii akianzia mstari wa mwisho na kupanda juu. Alikuwa amejizoesha hivyo tangu akiwa askari wa doria, maana ukisoma kinyumenyume maneno hayakuchukui, unaziona herufi zenyewe. Na herufi hizi zilikuwa mbaya. Nyingine zililala, nyingine zilisimama, na wino ulikuwa umetiririka mahali mkono ulipositasita.

"Nyumba yangu ya Njia ya Kisima namwachia mjane wa Bwana J. Dack, aliyenipita katikati. Ambrose Thorley, Novemba 12, 1885."

Chini yake palikuwa na misalaba miwili ya vibarua wa shamba wasiojua kuandika, waliowekwa kuwa mashahidi. Mmoja alikuwa amekufa majira ya baridi. Wa pili alikuwa amehamia Kanada, na barua ya kumtafuta ingechukua miezi.

"Sina chuki na mama yule, Inspekta," alisema Clement Thorley, aliyekaa ng'ambo ya meza na kofia yake magotini. Alikuwa kijana mnyoofu wa miaka ishirini na minane, mpwa pekee wa marehemu. "Amempikia ami yangu miaka saba. Lakini karatasi hiyo hakuiandika ami."

"Mwandiko?"

"Mwandiko hausemi kitu. Kiharusi kilimpooza mkono wa kulia tangu Septemba, akawa anaandika kwa wa kushoto. Mimi mwenyewe nikiandika kwa kushoto utadhani kuku kapita. Tazama hilo neno. Bwana J. Dack."

"Naliona."

"Ami yangu aliichezea timu ya jimbo kriketi mechi tisa, kama muungwana, bila malipo. Dack alikuwa mrushaji wa kulipwa. Kwenye kadi ya mechi muungwana huandikwa Bwana, na herufi za majina yake mbele. Mchezaji wa kulipwa huandikwa jina tupu: Dack, basi. Waungwana huingia uwanjani kwa mlango wa mbele, wenzao kwa kigeti cha pembeni. Mtu aliyekulia humo hawezi kukosea hapo, kama wewe usivyoweza kumpigia saluti farasi."

"Nimewahi," alisema Hembrow. "Palikuwa na ukungu, na mpandaji alikuwa ameshuka."

Clement alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta. "Aliyeandika hapo ni mtu asiyejua desturi zetu, anayetaka jina la Dack lipendeze. Ufunguo wa dawati walikuwa nao wawili tu, ami na Bi. Dack. Nilipolifungua baada ya mazishi, mbele ya wakili, karatasi ilikuwa humo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi."

"Na hayo maneno, aliyenipita katikati?"

"Upuuzi. Alimpita wapi? Barabarani?"

Hembrow aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani. Hakimu alitaka taarifa kesho yake saa sita mchana. Ikisema wasia umeghushiwa, Keziah Dack angepoteza nyumba na kupelekwa gerezani. Ikisema haijulikani, kesi ingevutwa hadi mama yule aishiwe nguvu, aiache nyumba mwenyewe.

"Nitakwenda kumwona," alisema.

* * *

Nyumba ya Njia ya Kisima ilikuwa na vyumba viwili chini na kimoja juu, na mlango ulikuwa wazi. Keziah Dack alikuwa akikanda unga. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Umekuja kunikamata au kunywa chai?" aliuliza bila kugeuka. "Nijue kama niweke maji."

"Chai kwanza, Bi. Dack."

"Basi futa miguu. Hata wa kukamata watu hufuta miguu."

Hembrow alifuta miguu, akaketi. Kwenye rafu mbele yake ilijipanga mitungi ya jemu, kumi na saba kwa hesabu yake, na kila mmoja ulibandikwa kipande cha karatasi chenye jina la tunda na mwaka. Alisimama tena, akashusha mtungi mmoja, akauinua dirishani. Karatasi ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa, yenye mistari hafifu inayoonekana kwenye mwanga tu. Akaitoa mfukoni ile ya wasia, akaiinua kando yake. Ilikuwa karatasi hiyo hiyo.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa Bwana Ambrose. Baada ya ugonjwa alinipa mkoba mzima, na wino. Akasema, Bi. Dack, mimi sina tena wa kumwandikia, kaandikie jemu." Alimwona anavyomtazama, akaacha kukanda. "Hilo ni baya, siyo?"

"Ni jambo la kuandikwa," alisema Hembrow, akaliandika. "Nitakuomba kitu kimoja. Niandikie hapa jina la mumeo."

Alijipangusa unga, akachukua penseli. Aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Alipomrudishia daftari palikuwa na neno moja: Dack.

"Hivyo tu?"

"Ndivyo nilivyomwita. Kila mtu alimwita hivyo, hadi mchungaji kaburini."

"Hukuwahi kumwita Bwana Dack?"

Keziah aliangua kicheko. "Ningemwita hivyo angejua nimeunguza chakula, au mama yangu anakuja kukaa. Bwana Dack! Angeangalia nyuma yake aone nani kaingia."

Hembrow hakucheka, ila aliandika maneno hayo yote. "Na aliyenipita katikati, wewe unayaelewaje?"

"Tangu wakili aliposoma nayalalia na kuyaamkia. Nadhani anasema Dack alitangulia kufa. Lakini katikati ya nini? Dack alikufa kitandani, kifua kilimuua." Alimimina chai. "Na wala sijui kwa nini kanipa nyumba. Nilipofiwa alikuja mwenyewe, akasema anahitaji mpishi na nyumba hii iko tupu. Nikadhani ni huruma. Kila Jumapili kanisani nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kimya kimya, maana ukimshukuru usoni alikuwa akikimbilia kuangalia nyuki wake."

"Walicheza pamoja?"

"Misimu minne. Bwana Ambrose hakuwa mchezaji wa kutisha, namwambia aliye hai na aliyekufa. Alikuwa na siku moja tu, ya mikimbio hamsini na nane. Dack naye siku yake ilikuwa hiyo hiyo. Arobaini na saba! Mrushaji, ambaye akishika gongo watu huenda kununua bia. Mikimbio mitatu tu afike hamsini, na hakuwahi kufika maisha yake yote."

"Alitolewaje?"

"Aliteleza akikimbia. Alirudi nyumbani akaniambia, Kezi, nimeteleza. Nikavichukua vile viatu hadi kwa fundi, nikamwekea mezani juu ya mkate wake. Viatu gani hivi vinamwangusha mtu akiwa na arobaini na saba? Mpaka leo mimi na fundi yule hatusalimiani."

Hembrow aliinua penseli. "Alisema aliteleza. Una hakika na neno?"

"Nimelala na mwanamume huyo miaka ishirini na mbili. Najua alichosema."

Inspekta alimaliza chai yake, akashukuru, akauliza jambo moja la mwisho: ni nani aliyeshika kitabu cha mechi miaka ile. Keziah akamwelekeza kwa Obadiah Fitch, mshona matandiko ya farasi, nyuma ya bomba la maji.

* * *

"Kalia hilo tandiko," alisema mzee Fitch. "Kiti kina mguu mmoja mgonjwa. Kama mimi."

Alikuwa na miaka sabini na sita, na macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe. Alishona kwa vidole, sindano ikiijua njia. Hembrow alimpa jina lake na sababu ya kuja, na mzee akaendelea kushona.

"Kabla ya yote, mzee wangu," alisema Inspekta. "Uliwahi kuingia nyumbani kwa marehemu Thorley?"

"Mimi? Kufanya nini? Hatamu zake alizifuata hapa mwenyewe. Na tangu majira ya baridi ya juzi sijavuka bomba la maji lile. Binti yangu ataapa, na atakuongezea malalamiko yake bure."

"Unaweza kuandika?"

"Niliandika vitabu ishirini na sita vya mechi kwa mwandiko ambao katibu wa timu aliuonea wivu. Sasa nikiandika, kalamu inaanguka ukingoni mwa karatasi bila mimi kujua."

Hembrow alimpa daftari na penseli. Mzee aliandika jina lake, na herufi mbili za mwisho zikaishia kwenye ubao wa meza. Inspekta aliomba kitabu cha mwaka 1872. Fitch akanyoosha mkono juu ya kichwa, akahesabu migongo kwa kidole, akakitoa cha sita bila kukosea.

Mechi ilikuwa ya Julai, dhidi ya jimbo la jirani. Hembrow alishuka na kidole. Bwana A. Thorley, 58. Mstari uliofuata uliandikwa Dack, 47, ametolewa mbioni. Lakini mbele ya jina la Dack palikuwa na kitu kilichokatwa kwa wino mwekundu, mara mbili, kwa hasira. Alikipeleka kitabu mlangoni penye mwanga, akakiinamisha huku na huku hadi wino mweusi ulio chini ulipojitokeza.

Bwana J.

Alifunua kurasa. Mechi ya wiki iliyofuata ilikuwa na neno lile lile mbele ya Dack, na mkato mwekundu ule ule. Iliyofuata pia. Hadi mwisho wa msimu zilikuwa mechi sita, na mikato sita.

"Mzee wangu, nani aliyeandika Bwana hapa?"

Sindano ilisimama. "Aa," alisema Fitch. "Umekuja kwa ajili ya hilo. Bwana Ambrose mwenyewe. Jioni ya siku ile alikuja kwenye meza yangu akaniomba kalamu. Nikamwambia, bwana, katibu ataninyonga kwa kamba zangu mwenyewe. Akasema, mwambie ni mimi. Katibu akaja akakata. Wiki ya pili bwana akaja tena akaomba kalamu. Waliendelea vile hadi Septemba, hakuna aliyemsemesha mwenzake, wanasemezana kwenye kitabu changu! Mwaka uliofuata katibu akawa anakilalia."

"Kwa nini aliandika?"

"Kwa sababu ya ile mbio." Mzee alipapasa mezani, akapata vikombe viwili vya bati, akaviweka mbali kidogo kimoja na kingine, na kando ya kila kimoja akasimamisha sindano nene kwenye donge la nta. "Sindano hizi ni vijiti vya mchezo, upande huu na upande huu. Kikombe hiki ni Thorley. Na hiki ni Dack. Thorley ana mikimbio sita tu, Dack ana arobaini na saba. Thorley anapiga, anaita njoo! Wote wanakimbia wabadilishane upande, wapate mkimbio mmoja." Akavisogeza vikombe hadi karibu vikutane. "Kumbe mpira haukwenda mbali. Thorley anauona, anasimama pale. Mpira unarushwa kwenye vijiti alikotoka yeye. Sasa nisikilize. Vijiti vikiangushwa, anayetoka ni yule aliye karibu navyo. Nani yuko karibu?"

"Thorley. Bado hajavuka nusu."

"Enhe. Dack alikuwa na nafasi ya kugeuka na kurudi kwake salama. Hakuna ambaye angemlaumu." Mzee alishika kikombe cha Dack, akakisukuma mbele, kikapita kando ya kile kingine bila kukigusa, hadi kwenye sindano ya upande wa pili. "Akampita. Akakimbilia kule kule kwenye vijiti vinavyovunjwa, ili aliye karibu awe yeye. Akatoka yeye. Thorley akabaki, akafika hamsini na nane, gazeti likamwandika mistari miwili."

Hembrow aligusa kikombe cha Dack. "Aliteleza?"

"Dack? Dack hakuteleza maisha yake. Alikuwa na miguu kama mbuzi."

"Watu waliona?"

"Waliona mchezaji wa kulipwa anampisha muungwana. Ndiyo ilikuwa desturi, nani aangalie mara mbili? Kama mtumishi akikufungulia mlango. Mimi niliangalia kwa sababu kazi yangu kuangalia. Na Thorley, kwa sababu alipitwa usoni. Nilimsikia akiniambia akiandika, neno hilo hilo moja tu: Alinipita, Fitch. Alinipita katikati."

"Ulimwambia nani hayo?"

"Mwandishi wa mechi haongei, Inspekta. Angeongea, waungwana wasingepata wake wa kuoa." Alirudia kushona. "Dack aliniomba nisimwambie mkewe. Alisema Kezi angekwenda kumtoa yule bwana masikio."

Hembrow alirudi kwenye tandiko, akafungua daftari ukurasa mpya, akachora mstari katikati. Upande mmoja aliandika Aliyeweza kuiweka karatasi dawatini. Upande wa pili akaandika Aliyejua maneno yale. Keziah Dack aliweza: alikuwa na ufunguo, karatasi na wino. Lakini hakujua, kwa miaka kumi na minne aliamini habari ya kuteleza, na neno Bwana kwake lilikuwa mzaha. Obadiah Fitch alijua. Lakini hakuweza, maana hajakanyaga nyumba ile na haoni anapoandika. Jina lililokaa pande zote mbili lilikuwa moja. Aliliandika, Ambrose Thorley, akalipigia mstari kwa kutumia ukingo wa kitabu cha mechi ili unyooke.

"Asante, mzee wangu," alisema.

"Wa kushukuriwa ni wao. Mimi nilihesabu tu."

* * *

Kesho yake saa nne asubuhi alimchukua Clement Thorley, wakaenda kwa miguu hadi Njia ya Kisima. Njiani alimweleza kitabu na mikato myekundu, na mwisho wa kila sentensi alinyamaza kidogo kumpa nafasi ya kupinga. Clement hakupinga. Aliuliza tu, "Na yeye hajui?"

"Utamsikia mwenyewe."

Mlangoni palikuwa na sanduku kubwa lililofungwa kamba. Keziah alikuwa amevaa kofia ya Jumapili na glavu.

"Nakwenda kwa dada yangu," alisema. "Au gerezani, mnakotaka nyinyi. Nimeona nisiwacheleweshe. Jemu nimeziacha rafuni, msije mkasema nimeiba na jemu."

"Bi. Dack," alisema Hembrow, "mwambie Bwana Thorley alivyotolewa mumeo siku ile ya arobaini na saba."

"Jamani, na viatu navyo vimefikishwa kwa hakimu? Aliteleza! Niseme mara ngapi?"

Inspekta alimtazama Clement. Clement aliinamisha kichwa. Kisha Hembrow akavua kofia yake, akamweleza mama yule, bila haraka, jinsi mtu mmoja alivyosimama na mwingine alivyompita.

Keziah alisikiliza akiwa amesimama. Mwishoni akaketi juu ya sanduku.

"Hakuteleza," alisema.

"Hapana."

"Jabez Dack!" Alipiga goti lake kwa ngumi ya glavu. "Na mimi nimemnunia fundi viatu miaka kumi na minne!" Akacheka, machozi yakimshuka pamoja na kicheko, asiyafute. "Na yule bwana. Miaka saba nampakulia supu. Mimi huku nawaza namna ya kumshukuru asikimbie, na yeye kule mezani anawaza lile lile. Si angesema tu? Tungekula supu ikiwa moto."

"Alijaribu," alisema Clement ghafla. "Kila Krismasi alinisimulia zile hamsini na nane. Kila mara akifika kwenye sita ananyamaza, anaomba maji. Nilidhani amesahau kinachofuata. Nikawa nacheka." Alichukua hati ya malalamiko yake kutoka kwa Inspekta, akaenda kwenye meza ya jikoni, akaandika chini yake kwamba ameyaondoa, akatia sahihi na tarehe. "Bi. Dack, niliapa kwamba umeghushi. Niliapa mbele ya hakimu."

"Uliapa ulichokiona," alisema Keziah. "Na mimi nilimwapizia fundi viatu." Akamtazama. "Umefanana naye hapa kwenye pua. Hilo sikukuambia msibani, ulikuwa na haraka ya dawati."

Clement aliona haya hadi masikioni. Hembrow aliikunja ile hati, akatazama saa yake. Ilibaki saa moja na robo, na kwenda kwa hakimu ilikuwa dakika ishirini.

"Inspekta," alisema Clement, "unaweza kunishikia upande huo?"

Alikuwa amevua koti, ameinama, mkono mmoja umeshika kamba ya sanduku. Keziah aliinuka upesi, akasema hapana, bwana, siyo kazi yako hiyo, na hakuna aliyemsikiliza. Hembrow aliweka kofia dirishani, akashika upande wa pili, na wakaanza kulipandisha ngazi nyembamba, kijana akitangulia kinyumenyume.

"Polepole!" alipiga kelele Keziah kutoka chini, kofia ya Jumapili imempinda. "Kuna sahani humo! Na angalieni kidato cha tatu, kimelegea. Nitakitengeneza wiki hii."